Thawabu za Mlango wa Nyuma

Mama yangu anataka kwenda mbinguni, na kwa hilo sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni njia anayopita, maana kila siku lazima apitie kichwani kwangu.

Tunakaa Mtanda, hapa Lindi mjini, mimi na yeye, tangu baba alipofariki. Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu iko barazani, na mtu wa barazani halimpiti jambo. Ndivyo nilivyokuwa nikijidanganya. Sisi ni Wakatoliki, Wamwera wa upande wa misheni, na majirani zetu karibu wote ni Waislamu. Nguo zao za Idi nazishona mimi, na Krismasi wanakuja kula kwetu. Nyuma ya nyumba yetu, ukivuka uwanja wa kuanikia nguo, kuna kijumba cha bibi mmoja mjane aliyekuja mjini zamani na mumewe kutoka Milola. Mume amekufa, watoto aliwazika mwenyewe, amebakiwa na mpwa anayelima korosho hukohuko Milola. Msimu ukiwa mzuri mpwa anamkumbuka, ukiwa mbaya anamsahau. Si ndugu yetu wa damu. Ila mimi namwita bibi, yeye ananiita mjukuu wangu, mama anamwita Bi Mkubwa, na hatujawahi kuona haja ya kuulizana zaidi.

Bibi ana ugonjwa wa sukari. Mwaka jana alijikwaa kwenye kizingiti, akapata kidonda kwenye kidole cha mguu wa kushoto. Kidonda cha kijinga tu, mtoto angekipuliza na kukisahau. Cha bibi kikagoma kupona, kikawa cheusi pembeni, na yeye akawa hawezi tena kutembea zaidi ya kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha uani. Nikabeba mimi jukumu la kumpeleka hospitali, kwa sababu katika mtaa mzima mwenye moyo wa kubishana na foleni ni mimi. Siku ya kwanza, tukiwa kwenye bajaji, alinishika mkono akaniambia jambo moja tu: "Mjukuu wangu, kufa sikuogopi. Nataka nizikwe na miguu yangu miwili." Nikamwambia atazikwa nayo. Nilisema kama vile mimi ndiye daktari.

Sasa turudi kwa mama. Mama yangu ni mtu wa kutoa, hilo hata adui yake atakubali. Msiba ukitokea, yeye ndiye wa kwanza kufika na mwiko wake. Mgonjwa akilazwa, chupa ya chai ya mama imeshafika wodini kabla ya mgonjwa mwenyewe. Lakini, Mungu anisamehe, alikuwa akitoa kwa kelele. Kutoka mlango wetu wa nyuma hadi kwa bibi ni kurusha jiwe, tena jiwe la mtoto. Mama alikuwa hapiti huko. Alitoka na sufuria yake kichwani kwa mlango wa mbele, akaizunguka barabara nzima, akisalimia kila mtu polepole mpaka mtu alazimike kuuliza umebeba nini. Hapo ndipo aliposema, "Aa, ni kidogo tu, nampelekea Bi Mkubwa." Na kupokea hajui kabisa. Ukimletea mbaazi asubuhi, jioni bakuli lako limerudi na samaki juu yake, kama vile mbaazi zako zilimchoma.

Na hili la bakuli mlielewe, kwa sababu lina maana yake. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Bibi alipokuwa mzima, bakuli letu lilirudi na majani ya mchaichai alioupanda pembeni mwa mlango wake, au ming'oko michache, vile viazi vya porini, kama mpwa ameleta kutoka Milola. Mguu ulipoharibika, hata hapo kwenye mchaichai hakuweza kuinama. Bakuli likaanza kurudi tupu. Kila mara alininyooshea kwa mikono miwili na kusema, "Nisamehe mjukuu wangu, kitupu." Mimi nikamjibu bibi wewe nawe, nani anajali. Nikalichukua, nikaenda zangu.

Basi ikaja Kwaresima, na padri wetu akahubiri habari ya wanaotoa mbele za watu. Akasema mtu akitoa ili aonekane, akasifiwa, basi ndiyo malipo yake hayo, ameshayapokea, asitegemee mengine huko juu. Atoaye atoe kwa siri, mkono mmoja ukitoa wa pili usipewe habari. Mahubiri ya kila mwaka haya, jamani. Sijui mwaka huu yaliingilia sikio gani. Mama alirudi nyumbani akakaa kitandani na gauni lake la kanisani, hata viatu hakuvua. Nikamuuliza kama anaumwa. Akaniangalia kama mtu aliyeibiwa. "Kwa hiyo mimi," akasema, "nimeshalipwa zote."

Nilicheka, ndiyo. Nani asingecheka? Lakini yeye alikuwa analia kwelikweli. Misiba yote ile aliyopika, wagonjwa wote, mayatima, kila mtu alimsifu, na sifa zile kumbe ndizo zilizokuwa ujira. Anafika mlangoni kwa Mungu mikono mitupu, na umri wenyewe umeshakwenda. Nikamwambia mama, Mungu si mwenye duka. Akanijibu kwamba mimi sijui lolote, kwamba hata ninavyompeleka bibi hospitali nanung'unika njia nzima, na anayenung'unika naye hapati kitu. Nikamwambia sawa, basi mimi nitakwenda motoni na cherehani yangu, huko nako watu watachanikiwa nguo.

Baada ya hapo akanyamaza. Sufuria haikutoka tena kwa mlango wa mbele. Hakuna aliyesikia amempa nani nini. Nikamshukuru Mungu nikidhani mwanamke amechoka, umri umefika, sasa atapumzika. Mpumbavu mimi.

Chakula cha bibi nikakishika mwenyewe. Muuguzi wa kliniki, binti mdogo mwenye ulimi mkali, alikuwa ameshanipa masharti: ugali wa dona, kidogo, mboga za majani nyingi, samaki wa kuchemsha, chai bila sukari, vitu vitamu asionje hata kwa ncha ya ulimi. Nikayafuata kama amri kumi. Bibi akawa anakula chakula changu kwa shida, anatafuna tonge moja mpaka nasahau lilikuwa la lini. Akisema ameshiba, mimi naja juu. Bibi, dawa hazitaki tumbo tupu. Bibi, kula, nimeacha nguo za watu kukupikia. Naye anakula. Najua mapishi yangu si ya kusifiwa, nikachukulia ndiyo sababu, na iliniuma.

Sukari yake haikushuka. Tunakwenda kliniki, iko juu. Tunarudi, tunafuata masharti, tunakwenda tena, iko juu zaidi. Muuguzi akaongeza dawa, haikusaidia. Akaanza kuniangalia mimi. "Dada, huyu bibi mnamlisha nini?" Nikaapa. Akaniuliza tena kwa sauti ya mtu anayejua anadanganywa, mbele ya benchi zima la wagonjwa, na mimi mtu mzima na nywele zangu za mvi nikasimama pale kama mwanafunzi aliyekutwa na kibuyu cha togwa. Mara ya mwisho hakugomba, akasema taratibu, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema tuje wiki ijayo apimwe kabla hajala chochote tangu jana yake usiku, hata chai. Ikiwa bado iko vilevile, watamwandikia aende hospitali kubwa, na huko hawatazungumzia kidole, watazungumzia mguu. Bibi alikuwa ameketi pembeni yangu. Alisikia kila neno. Njia nzima ya kurudi alishikilia goti lake la kushoto kwa mikono miwili.

Siku ya kipimo ilipofika, dereva wa bajaji aliniambia atanichukua mapema kuliko kawaida, ana abiria wa stendi baadaye. Kwa hiyo nilivuka uwanja mara baada ya adhana ya alfajiri, kweupe kunaanza. Kitanda cha mama nilikiona kitupu, nikadhani amewahi misa. Mlango wa nyuma wa bibi ulikuwa umerudishwa tu. Nikausukuma.

Bibi amekaa kitandani, kikombe kiko mdomoni. Mbele yake amechuchumaa mama yangu mzazi, chupa ya uji mkononi, amejifunika kanga mpaka usoni kama mwizi wa kuku. Harufu niliipata kabla sijasema neno: uji wa ulezi, na asali. Asali ile ya kwetu ninayoificha juu ya kabati. Sijapata hata pumzi ya kuuliza, nyuma yangu nikasikia mtu anabisha hodi kwa kunong'ona. Nikageuka. Ni jirani yetu mwanamke wa Kilwa Kivinje, muuza vitumbua, aliyepitia mwanya wa ua wa makuti, na chini ya kanga yake kuna sahani. Nikaifunua mwenyewe, adabu ilikuwa imeshanitoka. Vipande vya mkate wa kumimina na tende.

Wakatazamana hawa wawili, kila mmoja akiwa hana habari na mwenzake. Mama alipokuwa akiondoka na chupa yake, jirani alikuwa akiingia na sahani yake, siku zote hizo, kila mmoja akimsihi bibi asimwambie mtu. Na bibi alikuwa akila uji, anakula mkate na tende, halafu saa mbili naingia mimi na dona langu na kumgombeza kwa nini hamalizi. Na asubuhi za kliniki pia. Zote.

Unajua jambo la kwanza alilosema mama? Hakuuliza bibi atapimwaje. Alikaa chini sakafuni akasema, "Umeniona. Basi imepotea na hii." Anasikitikia thawabu yake! Jirani naye machozi yanamlenga, anasema ile ilikuwa sadaka ya siri kwa ajili ya marehemu mama yake, alikuwa anaitoa tangu alipomzika, na sasa imeingia macho ya watu. Nikawauliza kama wana akili. Si mnajua ana sukari? Wanajua. Si mnaona kidonda? Wanakiona. Mama akasema asali si sukari, asali ni dawa, imetajwa hata kwenye Maandiko. Jirani akadakia, kweli, na tende pia si sukari, tende ni chakula cha mitume. Miaka yote nimewasikia watu wakitamani dini hizi mbili zipatane. Siku zilipopatana, katika chumba kimoja, alfajiri, zilipatana kumuua bibi yangu.

Nikapasuka. Sikumbuki yote niliyosema na mengine heri nisiyakumbuke. Niliwaambia wahenga walisema tenda wema uende zako, nyinyi mnatenda wema halafu mnakaa kungoja risiti. Niliwaambia waendelee, watafika huko wanakotaka kufika, ila wajue wanakwenda kwa mguu wa bibi. Watakapoulizwa mlangoni mmekuja na nini, wauonyeshe. Jirani akajifunika uso.

Kisha, kwa vile hasira ikishatoka haichagui, nikamgeukia bibi mwenyewe. Wewe ulimsikia muuguzi! Ulimsikia kwa masikio yako! Mguu ni wako, uliniambia unataka kuzikwa nao, kwa nini hukusema?

Bibi akaweka kikombe chini. Akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga, hana haraka.

"Kila mmoja aliniomba siri," akasema. "Siri ya mtu naiuzaje? Na mimi, mjukuu wangu, sina kitu. Sipiki. Misibani siendi. Hata jani la mchaichai siwezi kulichuma. Mabakuli ya watu yanarudi matupu. Nikasema, mtu amekuja na wema wake mikononi tangu alfajiri, nimrudishe nao? Basi nikawa nakula. Wao wapate thawabu yao, na mimi labda kwa kukubali nipate kidogo. Ndiyo kazi iliyobaki ninayoiweza."

Mama akakiokota kikombe, akakifuta kwa kanga yake.

"Na chako pia," akaongeza, bila ubaya wowote. "Kila siku ulipokuja nilikuwa nimeshashiba."

Nikatoka nje nikasimama kwenye kamba za nguo. Nilikuwa bado na hasira, lakini sikujua tena ni ya nani. Bajaji ikaanza kupiga honi mbele, nikarudi ndani nikambeba bibi, jirani akashika mguu usigonge mlango, mama akafungua geti. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Hospitali nilimweleza muuguzi kila kitu, uji, asali, mkate, tende, na siri. Alianza kwa kucheka, akamaliza kwa kukasirika, na mwisho akavuta kiti akaketi mbele ya bibi. Alisema kipimo cha siku hiyo hakifai, na barua ya hospitali kubwa hataiandika bado. Atatupa muda kidogo bibi ale chakula kimoja tu, halafu ndipo ajue kama dawa zinafanya kazi. Nikarudi nyumbani nikaweka sheria. Anayetaka kumpa bibi chakula apitie barazani kwangu, mchana kweupe, kila mtu aone, na thawabu ikipotea ipotee. Mama alisusa siku kadhaa. Jirani, mwanamke mwenye busara kuliko sisi sote, ndiye aliyekuja wa kwanza, na mchicha wa kuchemsha, akapita mbele yangu akisema kwa sauti, "Nauza thawabu, fundi, nunua." Nikacheka mpaka nikajichoma sindano.

Sukari ikashuka. Haikushuka kwa kupenda, lakini ilishuka. Kidole kilikuwa kimeshakufa, hicho hakikuwa na dawa, wakakikata, mguu ukabaki. Sikuruhusu mtu asherehekee mbele ya bibi kwa sababu nilikumbuka alichoniambia kwenye bajaji. Ila yeye mwenyewe aliniagiza kitambaa cheupe. Nikakata kipande cha bafta niliyokuwa nayo, nikakikunja kingo vizuri, kidole kikafungwa humo, na mume wa jirani akakipeleka makaburini kukizika kama ilivyo desturi yao Waislamu, bibi akiwa mmoja wao. Alipomaliza alikuja kumpa habari. Bibi akaitikia kwa kichwa. "Kimetangulia kunishikia nafasi," akasema. Kisha akaomba chai, bila sukari.

Mama sasa ndiye aliyebaki mgonjwa. Alikuwa akizunguka ndani ya nyumba kama mtu aliyepoteza ufunguo. Akitoa kwa wazi, ameshalipwa. Akitoa kwa siri, anaua mtu. Alikwenda hadi kwa padri kuuliza, na sijui padri alimwambia nini, maana alirudi akasema padri naye hajui. Kuzimu kwangu mimi kulianzia hapo: kila saa ananiuliza mbele ya wateja, sasa mtu afanyeje?

Jumamosi moja bibi akamwita. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake uani, mguu umefungwa na kuwekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilikuwa nimeihamishia cherehani uwanjani kwa sababu ya joto, kwa hiyo niliona yote. Mama alifika na bakuli, bila shaka. Bibi hakulipokea. Akamwonyesha mkeka miguuni pake na kumwambia avue kilemba akae.

Nywele za mama ni nyingi, za mvi, na hazijui kitana. Mimi hana imani nami, na saluni anasema ni kupoteza. Bibi, kumbe, wakati wake Milola ndiye aliyekuwa akisuka maharusi. Mikono yake haina ugonjwa wowote. Mama akaanza. Bi Mkubwa, wewe mgonjwa, usijisumbue. Bi Mkubwa, ngoja kwanza nikuletee maji. Bi Mkubwa, mgongo utakuuma. Ananiita mimi nimsaidie, mwambie basi, mwambie inatosha. Nikaongeza mwendo wa mashine nisisikie. Akawa anajitikisa pale mkekani kama mtoto anayenyolewa, mara ainue goti, mara ashike bakuli lake, mpaka bibi akamkandamiza kichwa kwa viganja viwili.

"Mabakuli yako yamerudi matupu mwaka mzima," akamwambia. "Leo narudisha. Ukiinuka, unaninyima."

Mama akaweka bakuli chini. Akakaa mpaka kichwa kizima kikaisha, mikono yake mapajani, haina kazi. Machozi yalimtoka, alisema ni kwa sababu bibi anavuta sana.